Ushuru wa Apple na mdomo uliofungwa

Mwaka 2015, mteja wa Ulaya aliyejiunga na Spotify kwa kubonyeza ndani ya iPhone alilipa euro 12.99 kwa mwezi. Jirani yake aliyepitia tovuti ya kampuni hiyohiyo alilipa 9.99. Nyimbo zilezile. Zile euro 3 zilikuwa ushuru wa Apple, na ndani ya programu hapakuwa na neno la kumzindua yule wa kwanza, kwa sababu kumzindua kulikatazwa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Huduma ya kidijitali ikiuzwa ndani ya programu, Apple kwa kawaida hukata asilimia 30; kwa malipo ya kila mwezi, tangu 2016, hushuka hadi 15 mteja akishatimiza mwaka. Cha nje ya simu hakiguswi: agiza viatu au ita Uber, Apple haichukui senti.

Tupige hesabu, kodi tukiiacha pembeni. Kwenye 9.99 Apple inabeba 3, zinabaki 6.99. Spotify husema karibu theluthi mbili ya mapato yake huenda kwa wenye muziki. Hata kama mgawo huo unapigwa baada ya Apple kukata, Spotify inabaki na kama euro 2.30 za mishahara na mitambo. Mwenye soko kapata kuliko mwenye bidhaa! Kupandisha bei hadi 12.99 nako hakukuziba pengo, maana ukitoa asilimia 30 unabaki na 9.09. Na tangu Juni 2015 mwenye soko naye ana meza yake humo humo, Apple Music, ambayo haimlipi mtu ushuru.

Apple hujitetea kwamba imejenga soko, inalilinda, na kwamba Spotify, iliyoacha kuuza ndani ya iPhone mwaka 2016, inalitumia bila kulipa kamisheni. Hoja hiyo siidharau. Soko lina gharama. Lakini ushuru ni jambo moja, na kumziba muuzaji mdomo ni jingine. Kitufe cha malipo cha Apple kikiwa rahisi na salama kama inavyosema, wapo watakaokilipia zaidi huku wakijua.

Tume ya Ulaya ililiona hivyo. Faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8 iliyoitoza Apple Machi 2024 haikuhusu ukubwa wa kamisheni, ilihusu katazo la kumwambia mteja kwamba kwingine ni nafuu.

Marekani mambo yalikuwa na vituko zaidi. Katika kesi ya kampuni ya michezo ya Epic Games dhidi ya Apple, mwaka 2021 Jaji Yvonne Gonzalez Rogers aliamuru programu ziruhusiwe kuelekeza wateja nje. Amri ilipoanza kutekelezwa Januari 2024, Apple iliruhusu viungo, ila ikadai asilimia 27 ya mauzo yatakayotokea huko nje. Ongeza kama asilimia 3 za kuchakata kadi, umerudi kwenye 30 yako. Juu yake, aliyebonyeza kiungo alikutana na ukurasa mzima wa onyo. Aprili 30, 2025, jaji akasema Apple imekaidi amri kwa makusudi, akapiga marufuku ile 27.

Siku chache baadaye, mteja wa Marekani aliyefungua Spotify kwenye iPhone aliona kitu ambacho hakikuwemo humo kwa miaka: bei.