Gofu: Bei ya Fimbo na Thamani ya Neno

Aghalabu wanafunzi wangu hushangaa wasikiapo kwamba mwalimu wao wa isimu hucheza gofu. "Huo si mchezo wa matajiri?" huniuliza. Nami sikatai. Fimbo, viatu, glavu, mipira na ada ya uwanja huweza kuumeza mshahara wa mwalimu.

Hata hivyo, baadhi ya gharama ni za kujitakia. Kanuni za gofu huruhusu fimbo zisizozidi 14 mkobani. Hazimlazimishi mtu kuzitimiza. Nilianza kwa fimbo saba kuukuu, na raha sikuikosa. Baadaye nilinunua seti nzima ya bei ghali, nikidhani nimenunua ustadi. Nilichovuna ni maumivu ya kiuno, kwani niliupinda mwili kwa pupa bila kuunyoosha kwanza wala kufunzwa.

Jeraha lililoniuma zaidi halikuwa langu. Siku moja mpira wangu ulikwenda upogo, ukamgonga begani kijana aliyekuwa akimbebea mchezaji mwingine mkoba. Mpira wa gofu hauzidi gramu 45.93, lakini ni mgumu na huja kwa kasi. Nilipaswa kupiga ukelele wa "Fo!", onyo lijulikanalo na wachezaji wote. Niliona haya, nikanyamaza.

Mimi nifundishaye lugha nilikosa neno moja lilipohitajika! Walimu wenzangu, tuwafunzapo vijana mchezo huu, tusianze na fimbo. Tuanze na neno hilo lisilouzwa dukani.