Jitengenezee Kiti cha Kambi Nyumbani, Mawe ya Thimlich Ohinga Yabaki Ukutani

Likizo ya Agosti ni wakati ambapo vilabu vya shule, maskauti, vijana wa makanisa na familia nyingi hutoka kwenda kupiga kambi. Wakazi wa Homa Bay na Migori hawana haja ya kwenda mbali. Mbuga ya Taifa ya Ruma iko katika Bonde la Lambwe, Ziwa Simbi Nyaima liko karibu na Kendu Bay, visiwa vya Rusinga na Mfangano viko ng'ambo ya maji, na ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga iko kaskazini-magharibi ya mji wa Migori.

Katika maandalizi, hema hukumbukwa, sufuria hukumbukwa na maji pia hukumbukwa. Kinachosahaulika mara nyingi ni mahali pa kukaa. Watu wakishafika hujitafutia: mmoja huketi juu ya mtungi wa maji, mwingine hukata tawi, na mwingine huokota jiwe. Katika maeneo haya mawili, tawi na jiwe si vitu vya kuokotwa ovyo.

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza viti vya aina tatu kwa vifaa vinavyopatikana kijijini au sokoni, bila mashine na bila gharama kubwa.

Kwa nini kila mtu aende na kiti chake

Thimlich Ohinga iliorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2018. Kuta zake, zinazokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na hazikujengwa kwa saruji wala udongo. Jiwe limepangwa juu ya jiwe, kubwa kwa dogo, na kila moja hushikiliwa na uzito wa mengine. Ndiyo maana jiwe moja likiondolewa ili mtu aketi, au ukuta ukikaliwa na kundi la wanafunzi, mawe ya jirani hulegea, na mvua zinazofuata humaliza kazi hiyo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inalinda maeneo kama haya, na kuyaharibu ni kosa.

Ruma nayo ni hifadhi ya kilomita mraba 120 inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ndiyo makao ya korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye nchini Kenya amesalia hapo tu. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kukata miti wala kuchukua kuni. Mgeni anayetaka kuketi ana njia moja: aende na kiti chake.

Miti ya kutumia na ya kuepuka

Fito za mkaratusi zinapatikana kwa urahisi, ni nyepesi na zimenyooka. Siala pia ni mzuri, kwani mbao zake hustahimili mchwa kuliko miti mingi. Fito zikatwe katika shamba la mwenyewe au zinunuliwe, si kandokando ya mto.

Fito mbichi hupasuka na kulegeza kamba zinapokauka. Zimenywe maganda, kisha zianikwe kivulini kwa wiki tatu au nne, zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini. Jua kali hukausha upande mmoja haraka na kuupasua mti.

Mti wa kuepuka kabisa ni mtupa, ule wa ua wa boma unaoitwa ojuok kwa Kidholuo. Utomvu wake mweupe huchoma ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya. Usikatwe kwa ajili ya kiti wala kuni, hasa mahali penye watoto.

Aina ya kwanza: kigoda cha miguu mitatu kinachokunjika

Hiki ndicho chepesi kuliko vyote. Kikikunjwa hubebwa kwa mkono mmoja au kufungwa kwenye pikipiki. Miguu mitatu ina faida moja kubwa: hata ardhi isiposawazika, miguu yote hugusa chini na kigoda hakiyumbi.

Vifaa ni fito tatu zenye urefu wa sentimita 60 na unene wa mpini wa jembe, kamba ya katani au nailoni ya mita 2, kipande cha gunia gumu au turubai, sindano ya gunia na uzi wa nailoni.

1. Laza fito tatu sambamba. Katikati ya urefu wake, pitisha kamba juu ya ya kwanza, chini ya ya pili na juu ya ya tatu, kisha irudishe kwa mtindo huohuo. Zungusha mara sita.
2. Pitisha kamba mara mbili katika kila nafasi kati ya fito na fito ili kuibana ile mizunguko, kisha funga fundo. Isikazwe kupita kiasi, maana fito lazima ziweze kufunguka.
3. Kata kitambaa cha pembetatu chenye pande tatu zilizo sawa, kila upande sentimita 46. Kikiwa cha gunia, kiwe cha mikunjo miwili. Pinda kingo na kuzishona mara mbili, mpaka kila upande ubaki na sentimita 38.
4. Kwa upande wa chini, shona mfuko mdogo imara katika kila pembe. Humo ndimo vichwa vya fito vitaingia.
5. Fungua fito, ingiza vichwa vyake katika mifuko, kisha ketia taratibu.

Kwa vipimo hivi kigoda huwa na kimo cha karibu sentimita 40. Anayetaka kirefu zaidi aongeze urefu wa fito, si upana wa kitambaa. Kitambaa kikiwa kipana sana miguu hutanuka na kigoda hushuka.

Aina ya pili: kiti cha mbao mbili

Kiti hiki hakina msumari hata mmoja. Ni mbao mbili tu, moja ikipita ndani ya tundu la nyingine, na uzito wa anayeketi ndio unaozikaza. Kikitenganishwa, mbao hulala moja juu ya nyingine ndani ya gari.

Mbao inayohitajika ni moja ya futi 6, yenye upana wa inchi 12 na unene wa inchi moja na nusu. Chagua isiyo na vifundo vingi. Zana ni msumeno, patasi, nyundo na msasa.

1. Kata mbao vipande viwili vya sentimita 90 kila kimoja.
2. Kipande cha kwanza ni mgongo. Pima sentimita 30 kutoka mwisho wa chini, kisha chora katikati tundu la upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 5. Litoboe kwa patasi ukianza upande mmoja na kumalizia upande wa pili, ili mbao isichanike.
3. Kipande cha pili ni kikalio. Acha sentimita 40 za mwanzo zikiwa na upana wote. Sentimita 50 zilizobaki zipunguze pande zote mbili mpaka upana uwe sentimita 14. Huo ndio mkia.
4. Lainisha kingo zote kwa msasa.
5. Simamisha mgongo na upitishe mkia katika tundu kutoka mbele. Mkia ukigusa ardhi kwa nyuma, kiti kimekamilika.

Tundu limezidi unene wa mbao kidogo kwa makusudi, kwa sababu mkia huingia kwa mshazari. Likibana mno, lipanuliwe kidogo kidogo. Likizidi upana, kiti kitalala nyuma na hakirekebishiki. Asiye na patasi anaweza kuchora vipimo hivi na kumpelekea fundi seremala akate.

Kiti hiki ni cha chini. Kinawafaa vijana kuota moto jioni, lakini si wazee wenye maumivu ya magoti wala mama mjamzito, ambao watapata taabu kuinuka.

Aina ya tatu: benchi la boma

Hili ni la wenyeji wanaowapokea wapiga kambi katika boma lao, au wanaoandaa mikutano na hafla za nje. Haliwezi kubebwa, na halifai ndani ya hifadhi au eneo la turathi kwa sababu linachimbiwa.

Tafuta nguzo nne zenye panda, kila moja sentimita 85. Zichimbie sentimita 40, ili sentimita 45 zibaki juu. Hicho ni kimo kinachomfaa mzee kuketi na kuinuka bila taabu. Laza mti mmoja mfupi kwenye panda za kila upande, kisha panga juu yake fito tano za mita moja na nusu na uzifunge kwa kamba. Watu wazima watatu hutosha. Likikusudiwa kukaliwa na wengi zaidi, liongezewe nguzo mbili katikati.

Rangi ya kitambaa si urembo tu

Bonde la Lambwe limejulikana kwa miaka mingi kwa mbung'o, nzi anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na ndiyo sababu mitego ya kumnasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Turubai nyingi za bei nafuu madukani ni za bluu. Anayekwenda Ruma na kigoda cha turubai ya bluu amejibebea mtego bila gundi: nzi watamfuata na watamuuma yeye. Gunia la kahawia, gunia jeupe au kitambaa cha kaki ni bora zaidi. Kanuni hiyohiyo ihusu nguo, na zilizo nzito na zenye mikono mirefu hupunguza kuumwa.

Jambo jingine ni plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, misitu na fuo zinazolindwa. Kiti kisifunikwe wala kubebwa kwa mifuko hiyo, gunia linatosha.

Kupima na kutunza

Kiti kipimwe nyumbani, si kambini. Kiwekewe gunia la mahindi au mchanga la kilo 50 kwa saa moja, kisha kikaguliwe: je, kuna ufa, mshono uliofumuka au kamba iliyolegea? Baada ya hapo mtu mzima aketi taratibu huku mwingine amesimama karibu.

Kambini, kiti kigeuzwe na kukung'utwa kila asubuhi kabla ya kukaliwa, kwa kuwa nge na wadudu hupenda kujificha chini yake usiku. Kisiwekwe karibu sana na moto. Kamba ya nailoni huyeyuka na gunia la plastiki hushika moto haraka. Nyumbani, kihifadhiwe mahali pakavu juu ya ardhi ili mchwa wasikifikie.

Wapo wanaopenda kutengeneza viti kwa matairi makuukuu. Ni sawa, ila tairi lisiachwe nje likakusanya maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu. Litobolewe chini ili maji yatoke.

Kazi kwa vijana

Shule inayopeleka wanafunzi 40 Thimlich Ohinga inahitaji viti 40 kwa siku mbili au tatu, kisha haivihitaji tena kwa muda mrefu. Hapo pana nafasi ya kikundi cha vijana kutengeneza vigoda na kuvikodisha kwa shule, makanisa na wageni. Seti moja ya vigoda 20 vilivyokunjwa huingia katika kona ya chumba. Vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeviweka chini ya serikali za kaunti, hufundisha useremala na ushonaji, stadi mbili zinazohitajika kwa kazi hii. Ofisi ya msimamizi wa wadi inaweza kumwelekeza mkazi kwenye chuo kilicho karibu naye.

Kabla ya kuondoka nyumbani, hakikisha:

- kila mtu ana kiti chake, na wazee wana cha kimo cha sentimita 40 au zaidi;
- kila kiti kimepimwa kwa uzito;
- hakuna kitambaa cha bluu wala cheusi, ikiwa safari ni ya Ruma;
- kamba ya akiba, sindano na uzi vimebebwa;
- wanafunzi wameelezwa mapema kwamba ukuta wa Thimlich Ohinga haukaliwi, haupandwi, na jiwe lake haliondolewi.