Kompyuta Ndogo Inayotumiwa kutoka Mbali: Sehemu Zake Zichaguliweje?

Kata ya Kitandililo imo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe, na ingawa mji huo uko penye njia panda ambapo barabara ya Songea huachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, na reli ya TAZARA hupita hapohapo, anayeharibikiwa na kompyuta kijijini kwa kawaida hulazimika kumtafuta fundi mjini. Chama cha msingi cha wakulima, zahanati au shule inayotaka kutunza kumbukumbu zake mahali pamoja inaweza kuweka kijijini kompyuta ndogo inayowaka usiku na mchana, huku mhasibu au mtaalamu akiitumia akiwa Makambako, Njombe au Dar es Salaam. Katika utumiaji wa namna hii, kazi yote hufanyika ndani ya mashine iliyoko kijijini, na kinachosafiri mtandaoni ni picha ya skrini kwa upande mmoja na mibonyezo ya kibodi na kipanya kwa upande wa pili.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuulizia kasi, ilhali kwa mashine isiyo na mtu mbele yake swali lenye uzito zaidi ni nani ataiwasha itakapozimika. Jibu linapaswa kuwa kwamba itajiwasha yenyewe, na hilo hutegemea ubao mama, yaani ubao unaobeba na kuunganisha sehemu zote, kwa kuwa ndani ya mipangilio yake ya mwanzo, iitwayo bayosi, huwamo au hukosekana chaguo la kuiamuru mashine iwake mara umeme unaporudi. Kompyuta mpakato nyingi hazina chaguo hilo, na zikiachwa kwenye chaji miezi mingi betri zake huweza kuvimba, hivyo hazifai kwa kazi hii hata zikiwa za bei nafuu. Ubao mzuri huwa pia na saa ya ulinzi, ambayo ni sakiti ndogo inayosubiri ishara ya uhai kutoka kwa programu endeshi, na isipoipata kwa muda uliopangwa huiwasha mashine upya.

Umeme ndio unaostahili kufikiriwa kwa kina kuliko vyote. Mwaka 2018 njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako iliifikisha gridi ya taifa Songea, jambo lililobadilisha hali ya nyanda hizo, lakini gridi haizuii radi za msimu wa mvua, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huunguza vifaa. Mashine itahitaji betri ya akiba, na kwa sababu hiyo prosesa, ambayo ni chipu inayofanya mahesabu, ichaguliwe kwa umeme inaoutumia kabla ya kasi yake. Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, ina viini vinne na imekadiriwa kutumia wati 6, na mashine nzima iliyojengwa juu yake inaweza kufanya kazi za ofisi kwa takriban wati 10. Kwa matumizi hayo, mwezi wa siku 30 humaliza uniti 7.2 za LUKU, wakati kompyuta ya mezani inayokula wati 60 mfululizo humaliza uniti 43.2. Tofauti hiyo huonekana zaidi umeme unapokatika: betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, hutoa wati-saa 600, ambazo huiendesha mashine ya wati 10 kwa saa 60 kabla ya kutoa upotevu wa njiani. Mashine ndogo zinazopokea volti 12 moja kwa moja zipewe kipaumbele, mradi kuwe na kifaa cha kutuliza volti kati yake na betri, kwa sababu kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 na kuurudisha tena chini ni kuupoteza mara mbili.

Baridi ya Njombe, inayoleta sakitu mashambani mwezi Juni na Julai, ni rafiki wa kasha la chuma lisilo na feni, na feni isipokuwepo vumbi la kiangazi halina kinacholiingiza ndani.

Kwenye hifadhi, diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka iachwe, na kadi ndogo ya kumbukumbu kama zinazotumiwa na Raspberry Pi isitegemewe kubeba programu endeshi, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi hiyo huharibika kwa urahisi. Diski ya chipu ya kampuni inayojulikana inafaa zaidi, pamoja na nyingine ya nakala. Ramu ya gigabaiti 8 humtosha mtumiaji mmoja. Wakiwa kadhaa, 16 ni bora.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni picha yenyewe. Prosesa yenye sehemu maalumu ya kubana video hupunguza bando linalotumika na kuharakisha mwitikio, na kwa kuwa baadhi ya mashine hugoma kutengeneza picha zisipoona skrini, kizibo kidogo cha HDMI kinachojifanya skrini ni ununuzi wa busara.

Upande wa mtandao, kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, na kwa hiyo mtu aliye mbali hawezi kuipigia hodi mashine moja kwa moja; ni lazima upande wa kijijini ufungue wenyewe njia ya siri kwenda nje, kwa programu kama WireGuard, hadi kwenye seva ambayo pande zote mbili huifikia. Njia hiyo ikiwekwa kwenye ruta badala ya kompyuta, hubaki wazi hata kompyuta inapokwama, na hapo ndipo mashine za ofisi zilizotumika zenye teknolojia ya Intel vPro huonyesha thamani yake, kwani zinaweza kuwashwa na kuonwa hata programu endeshi ikiwa imekufa. Kuuacha mlango wa kompyuta wazi kwa dunia nzima ni hatari, kama udhaifu wa BlueKeep katika Windows ulivyodhihirisha mwaka 2019, na kwa zahanati inayotunza taarifa za wagonjwa ni pia suala la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kabla ya kumlipa fundi, mnunuzi aandae nakala ya kazi zake, achomoe waya wa umeme mashine ikiwa inawaka, aurudishe bila kugusa kitufe chochote, kisha ajaribu kuingia kwa simu yenye laini ya mtandao mwingine. Ikishindwa kufunguka, mashine hiyo isipelekwe kijijini.