Kinyago cha Ujamaa na Wachongaji Waliovuka Ruvuma

Kwa mbali ni gogo jeusi linalong'aa. Ukisogea, gogo linajaa watu. Huyu amekaa juu ya mabega ya yule, mwanamke ana mtoto mgongoni na chungu kichwani, mzee ameshika kifundo cha mguu wa aliye juu yake, kijana ameinama kumvuta wa chini. Hakuna gundi wala msumari. Wote wametoka katika mti mmoja, na ukijaribu kumfuata mmoja wao kwa kidole, mkono wake unakupotea katika kiuno cha mwingine. Wauzaji wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, hukiita ujamaa. Wengine hukiita mti wa uzima. Utakikuta katika ofisi za wakubwa na kwenye kumbi za hoteli, na mgeni akiulizia kitu cha kumkumbusha Tanzania, mara nyingi hiki ndicho anachoonyeshwa kwanza.

Walioanza kukichonga, hata hivyo, hawakuzaliwa Tanzania.

Wamakonde wapo pande zote mbili za mto Ruvuma. Wa upande wa kaskazini wana nyanda zao za juu kuanzia Newala. Wa upande wa kusini wako Mueda, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Wachongaji walioijaza Dar es Salaam vinyago katikati ya karne iliyopita walitoka hasa huko kusini. Waliukimbia utawala wa Wareno, na hasa kazi ya kulazimishwa na kodi isiyolipika, wakaja kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Wengi waliingia nchini kwa miguu. Juni 16, 1960 askari wa Kireno waliufyatulia risasi umati wa watu pale Mueda, na vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, idadi ya waliovuka mto iliongezeka zaidi.

Ufundi walikuja nao. Nyumbani walikuwa wakichonga mapiko, vinyago vya kuvalishwa kichwani katika ngoma za jando na unyago. Kinyago cha mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, kwani mchezaji ataruka nacho kutwa. Hupachikwa nywele halisi za binadamu, na usoni huwekwa chale na ndona, kile kipande kinachovaliwa katika mdomo wa juu. Kwa wasiopitia jando, aliyekivaa si mtu bali ni mzimu uliorudi. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Kinyago cha mapiko kilichongwa mafichoni, mbali na macho ya wanawake na watoto, ili wao kiwatishe.

Mjini hapakuwa na jando la kuchongea. Palikuwa na wanunuzi, na wanunuzi walitaka mpingo. Mti huu ni mgumu na mzito kiasi kwamba kipande chake hakielei, kinazama. Nje una tabaka jeupe linaloelekea njano, ndani una kiini cheusi. Ndio mti ule ule unaotengenezewa zumari za Kizungu zinazopigwa katika okestra za Ulaya. Mchongaji huketi chini, akalibana gogo kwa nyayo zake, akaanza kwa shoka na tezo, kisha patasi, tupa na msasa. (Mnunuzi mwerevu hukipima kinyago mkononi kwanza. Mti hafifu uliopakwa rangi ya viatu unang'aa vilevile, ila uzito wake hauwezi kudanganya.)

Miongoni mwa wanunuzi hao alikuwamo Mohamed Peera, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyekuwa na duka la vinyago Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Peera hakungoja aletewe mzigo. Aliwatia moyo wachongaji wafuate mawazo yao wenyewe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1959 hivi mchongaji Samaki Likankoa alikuwa na sanamu ya mtu iliyovunjika mkono. Badala ya kuitupa, aliendelea kuikata mpaka ikawa kitu kisicho mtu, akampelekea Peera. Kiliuzika. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo wa shetani, wenye viumbe vya jicho moja, masikio ya kuburuta na viungo vilivyopindapinda. Mtindo wa watu waliobebana unahusishwa na mchongaji mwingine kutoka Msumbiji, Roberto Yakobo Sangwani. Kwa Kimakonde aliuita dimongo, yaani nguvu, na chanzo chake kinasemwa kuwa mwanamieleka aliyeshinda akabebwa juu juu na wenzake.

Basi dimongo kilikuwa kinyago cha shangwe ya mchezo. Kilipata jina lake la pili kwa sababu ya siasa.

Desemba 1962, Julius Nyerere alipohutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi walikuwa wamefundishwa rumba na waltz, ilhali gombe sugu na lelemama wengi wao hata hawakuwahi kuzisikia. Miaka michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na neno ujamaa, ambalo mwanzoni lilikuwa la undugu wa kawaida, likawa jina la njia ya taifa zima. Taifa lenye makabila zaidi ya 120 lilihitaji picha isiyokuwa ya kabila lolote. Gogo la watu waliobebana lilikuwa tayari limekwisha kuchongwa. Lilingojea jina tu.

Jambo hilo lisichukuliwe kuwa ni ulaghai. Wachongaji wenyewe walilikubali jina, wakalifanyia kazi: badala ya mshindi mmoja anayebebwa, wakaanza kuchonga familia, wazee chini na vizazi juu yao, kila mmoja na kazi yake mkononi. Siasa ilibadili umbo la kinyago, na kinyago nacho kikaipa siasa sura ambayo hotuba haikuwa nayo. Wakati huohuo serikali iliingia sokoni kupitia kampuni ya umma ya sanaa iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Kampuni hiyo ilinunua pia michoro ya Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye hadbodi kwa rangi ya kupakia baiskeli na kuwauzia Wazungu wa Oysterbay.

Hapa pana jambo la kutazamwa bila aibu. Wanunuzi wa sanaa hii iliyoitwa ya taifa walikuwa wageni kwa sehemu kubwa, na hali hiyo haijabadilika sana. Japani, katika mkoa wa Mie, palianzishwa jumba zima la makumbusho ya sanaa ya Kimakonde. Sebule ya Mtanzania wa kawaida aghalabu haina hata kinyago kimoja. Nchi ilijitazama katika kioo ambacho kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mpita njia.

Kitabu kilikuwa na njia nyingine. Riwaya ya Kiswahili haikuwa na mtalii wa kuinunua. Msomaji wake alikuwa mwanafunzi wa sekondari, mwalimu, karani. Labda ndiyo sababu ilithubutu kusema ambayo mpingo haukuyasema. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kukua akisema Kikerewe, alichapisha *Gamba la Nyoka* mwaka 1979, miaka michache tu baada ya operesheni ya kuwahamishia wananchi vijijini. Ndani yake ujamaa haupandi bega kwa bega. Unafika kijijini na amri, na wanavijiji wanaupinga. Kinyago na riwaya vilitoka katika nchi moja na muongo mmoja, kimoja kikionyesha watu walivyotamani kuwa, kingine kikionyesha namna walivyosukumwa kufika huko. Anayetaka kuijua Tanzania ya miaka ya 1970 akishika kimoja tu, ataondoka na nusu ya habari.

Upande wa kusini wa Ruvuma, Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, sanaa ileile ya Wamakonde ilipokewa kama fahari ya taifa hilo jipya, kwa kuwa vita vya ukombozi vilianzia katika ardhi yao. Mataifa mawili yakawa yanajivunia gogo moja, kila moja kwa sababu yake.

Kenya nako hadithi haiko mbali. Vinyago vya Wakamba vinavyouzwa Nairobi na Mombasa vinamrudisha mtu kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, ambaye alijifunza uchongaji kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao nyumbani. Wamakonde nao walikuwako huko miaka mingi, wakiwa wameletwa kufanya kazi katika mashamba makubwa ya pwani, na baadhi yao waliendelea kuchonga. Wajukuu wao waliozaliwa Kwale hawakuwa na uraia wa nchi yoyote. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu hadi Nairobi kwenda kuudai. Vitambulisho vilipotolewa na Wamakonde kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, watalii walikuwa tayari wamekwisha kusafiri kwa miongo kadhaa na vinyago vyao mizigoni, kama kumbukumbu ya Kenya.