Nyota Iliyochelewa Kuonekana

Wazee wetu husema, "Nyota njema huonekana asubuhi." Ni neno la hekima, walakini si kila nyota hulitii. Wako vijana ambao asubuhi yao ilifunikwa na ukungu, wala hapakuwa na mtu aliyewatazamia makuu, na nuru yao ikatokeza adhuhuri. Wasomaji wapenzi, hasa ninyi vijana wa Murara mpigao kabumbu jioni juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, leo twawaletea habari za mmoja wao.

Jina lake ni Aliir Aliir. Hatukukosea kuandika: jina lake na jina la ukoo wake ni moja. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nchi kavu ya Waturkana, kaskazini-magharibi ya Kenya. Wazazi wake walikuwa watu wa Sudani Kusini, waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1983 na kudumu hata mwaka 2005. Kambi yenyewe ilifunguliwa mwaka 1992.

Kwa watu wa Goma, mwaka 1994 hauhitaji maelezo. Mnamo Julai mwaka ule ule, wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Kibumba, Katale na Mugunga. Na tena, hata mwanzo wa mwaka 2025, mahema ya ndugu zetu waliofukuzwa na vita yalitanda Kanyaruchinya na Bulengo. Basi tukiambiwa kwamba mtoto fulani amezaliwa kambini, sisi hatuulizi maana yake. Twaijua foleni ya maji, twaijua posho ya kupimwa, na twajua jinsi watu wapitao barabarani wanavyomtazama mtoto wa hemani, kana kwamba maisha yake yamekwisha andikwa.

Alipokuwa na miaka kama minane, Aliir alihamia Australia pamoja na jamaa yake, wakakaa katika mji wa Brisbane. Huko alikuta mchezo ambao watoto wa Kakuma hawakuujua. Nao ni mpira, lakini si kabumbu yetu.

Mchezo huo ulitungiwa sheria zake katika mji wa Melbourne mwaka 1859. Uwanja wake ni wa mviringo mrefu, na mpira wenyewe una umbo kama la yai. Kila upande una watu 18 uwanjani, wala hakuna kipa. Mchezaji aweza kuupiga mpira kwa mguu, au kuupitisha kwa mwenzake kwa kuugonga na ngumi. Kuutupa ni marufuku. Kila mwisho wa uwanja una nguzo nne. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya zile mbili za katikati, ni alama sita. Ukipita pembeni, ni alama moja tu. Tena mtu akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini, hupewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Ndiyo sababu wachezaji huruka juu kama samaki atokaye majini.

Watoto wa Australia huushika mpira huo tangu wangali wadogo kabisa. Aliir alikuja nyuma yao, naye akabaki nyuma kwa muda mrefu. Huko kila mwisho wa mwaka timu kubwa huchagua vijana kwa zamu, jina moja moja, na wale wanaotazamiwa makuu hutajwa kwanza. Wengi wa rika lake waliitwa mwaka 2012. Yeye aliitwa mwaka 2013, alipokuwa na miaka 19 na kuchezea East Fremantle, huko magharibi ya nchi. Timu ya Sydney Swans ilipomtaja, majina 43 yalikuwa yamekwisha tangulia.

Je, kuchaguliwa kulikuwa mwisho wa safari? La. Mwaka 2014 ulipita asicheze hata mara moja katika timu ya kwanza. Mwaka 2015 ukapita vile vile. Alifanya kazi yake katika timu ya akiba, mbele ya watazamaji wachache. Mwaka 2016 ndipo alipoingizwa, akaonyesha ustadi wa kulinda, na timu yake ikaenda hata karibu na kombe. Lakini katika mchezo wa nusu fainali dhidi ya Geelong aliumia goti. Fainali ikachezwa tarehe 1 Oktoba bila yeye, na Sydney ikashindwa na Western Bulldogs kwa alama 89 kwa 67. Mwaka uliofuata alicheza mara chache sana. Kwa misimu saba alihesabiwa michezo 64 tu, na huko msimu mmoja kwa kawaida una michezo zaidi ya ishirini.

Mwisho wa mwaka 2020 akahamia Port Adelaide, na hapo adhuhuri yake ikafika. Kazi yake ilikuwa ile ile ya ulinzi: kusoma mpira wa adui ungali hewani, kujua utaangukia wapi, na kuudaka kabla ya yule aliyekusudiwa. Ni kazi ya macho na akili kuliko miguu. Mwaka 2021 alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji 22 waliokuwa bora kuliko wote nchini msimu ule, na alikuwa wa kwanza mwenye asili ya Sudani Kusini kupata heshima hiyo. Majak Daw, mzaliwa wa Sudani, ndiye aliyewafungulia wenzake mlango wa ligi hiyo mwaka 2013. Aliir akaingia hata chumba cha ndani.

Tusidanganyane, ndugu wasomaji. Si kila mtoto wa kambini atapata safari ya kwenda mbali, wala si kila apigaye mpira atakuwa mashuhuri. Anayefikiri hivyo ataacha daftari lake na kujuta. Somo letu ni jingine. Miaka miwili ya kukaa akiba haikuwa ushahidi kwamba kijana hafai. Ilikuwa miaka ya kujifunza. Na Sydney, ijapokuwa haikumwona akifaa upesi, haikumfukuza.

Basi ninyi waalimu na viongozi wa timu, msimpime mtoto kwa jambo la mwezi mmoja. Aliyeshika mkia darasani huenda alianza kusoma miaka mitatu baada ya wenzake, kwa sababu ya vita. Nanyi vijana, mkiwekwa akiba, msikae bure. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, lakini kamba iliyotundikwa ukutani haijakata kitu kamwe.