Mkono ukivunjika, angalia vidole

Msimu wa maembe ukifika, hapa kwetu Kasulu na kule Kibondo, wodi ya watoto hupata wageni wa aina moja: watoto walioanguka kutoka mtini, mkono umevimba kiwikoni. Wazazi hutuuliza swali lile lile: "Sista, mfupa utaunga?" Kwa kawaida mfupa wa mtoto huunga vizuri. Sisi wauguzi tunachokihofia zaidi ni kamba.

Kwanza tuutazame mwili ulivyojengwa. Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, karibu 300, kwa kuwa mingine bado ni vipande ambavyo huungana kadiri anavyokua. Kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha za vidole kuna mifupa 27. Mfupa si kama kuni kavu. Uko hai, una mishipa ya damu, na katika uboho wake damu hutengenezwa. Ndiyo maana ukivunjika hujiunga wenyewe, mradi ncha zake zikutane na zitulie.

Mfupa haupindi, kinachopinda ni kiungo. Kiwiko na goti hufanya kazi kama bawaba ya mlango, kukunja na kukunjua. Bega na nyonga ni kama kichwa cha mchi ndani ya kinu, huzunguka kila upande. Kinu cha bega hakina kina, hivyo bega huteguka kwa urahisi kuliko nyonga. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu linaloteleza, na katikati yake kuna ute mzito kama ute wa yai. Mama anayepanda kilima na ndoo ya maji kichwani hulikanyagia gegedu hilo kila hatua. Halina mishipa ya damu, kwa hiyo likilika ni vigumu kurudi.

Turudi kiwikoni. Mbele ya kiwiko, karibu kabisa na mfupa, hupita mshipa mkubwa unaopeleka damu kiganjani. Mkono uliovunjika huvimba, na uvimbe huendelea kwa siku mbili tatu. Ukifungwa siku ya kwanza kwa mabanzi na kamba iliyokazwa, uvimbe hukosa pa kwenda, hubana mishipa, na damu haifiki. Baada ya saa sita hivi nyama huanza kufa.

Tuliwahi kumpokea mvulana wa miaka tisa, siku ya nne tangu afungwe kijijini. Mfupa ulikuwa umenyooshwa vizuri, tunakiri. Lakini vidole vilikuwa vyeusi na baridi. Alikuwa ameacha kulia, na mama yake alidhani anapona, kumbe mkono ulikuwa hauhisi kitu tena. Ulikatwa chini ya kiwiko.

Hatusemi haya kuwadharau wazee wanaounga mifupa. Hata plasta ngumu ya hospitali inaweza kubana, na ndiyo maana tunawasihi wazazi warudi usiku ule ule, wasingoje siku ya kliniki.

Basi mtoto akianguka, usimvute mkono wala kumkanda. Uache ulivyo, uuegemeze kwenye ubao mwembamba au gazeti lililokunjwa, ufunge kwa kitambaa, si kwa kamba, na kidole chako kiweze kupita chini ya kitambaa hicho. Uning'inize kwa kanga shingoni bila kulazimisha kiwiko kukunja. Kama kuna jeraha na mfupa unaonekana, lifunike kwa kitambaa safi mje siku hiyo hiyo.

Tunajua kwamba kutoka vijiji vya Kibondo safari ni ndefu. Kila nusu saa njiani, bonyeza ukucha wa mtoto hadi uwe mweupe, kisha uachie. Rangi irudi kabla hujahesabu tatu. Ikichelewa, au vidole ni baridi, vina ganzi, au mtoto anapiga kelele ukivinyoosha, fungua kitambaa chote papo hapo, hata kama mpo katikati ya barabara, kisha mwendelee na safari.