Kutotolesha Vifaranga kwa Mashine Nyumbani na Kuwalea

Ndugu wanakisomo wa Bukoba na Muleba, wekeni daftari na kalamu tayari. Somo letu la leo ni juu ya kutotolesha vifaranga kwa mashine ndogo ya nyumbani, na jinsi ya kuwalea.

Kwanza tuulize: mashine ya nini, na kuku tunao? Kuku wa kienyeji huatamia mayai 10 hadi 13 hivi, kwa siku 21. Akisha kuangua, huongozana na watoto wake migombani wiki nyingi, wala hatagi. Mayai yake yakiwekwa katika mashine, yeye hurudi kutaga mapema. Jambo hili si geni duniani. Huko Misri, tangu zamani za kale, watu walitotolesha mayai kwa maelfu katika matanuri ya udongo.

Lakini sikilizeni vizuri. Kazi kubwa ya mashine ni kutoa joto. Kazi nyingine za mama kuku zinakuwa zako wewe.

KUCHAGUA MAYAI. Chukua mayai ya matetea wanaokaa na jogoo. Jogoo 1 hutosha matetea 10. Yai lisizidi siku 7 tangu kutagwa. Lisiwe na ufa, lisiwe dogo mno wala kubwa mno. Usilioshe.

SIKU 21 ZA KUATAMIZA. Washa mashine siku moja kabla ya kuweka mayai, joto litulie. Mashine yenye feni yataka joto la nyuzi 37.5 hivi. Isiyo na feni yataka nyuzi 38.5 hadi 39, na kipimajoto kiwe usawa wa juu ya mayai. Chombo cha maji kisikauke, kwa maana hewa kavu hukausha yai. Andika X upande mmoja wa yai na O upande wa pili. Geuza mayai mara 3 kwa siku au zaidi. Asubuhi ukiona X, jioni utajua kama umesahau yai lo lote.

Siku ya 7, usiku, mulika kila yai kwa tochi. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu kama miguu ya buibui. Lililo jeupe tupu ndani liondoe. Siku ya 18 acha kugeuza, ongeza maji, wala usifungue mashine ovyo. Vifaranga wakitoka, waache ndani mpaka wakauke.

UMEME UKIKATIKA. Usihangaike kufungua mashine kutazama. Ifunike kwa blanketi, ila usizibe matundu ya hewa. Weka ndani chupa za maji ya moto zisizogusa mayai. Kumbuka kwamba mama kuku naye hutoka kiotani kwenda kula, na mayai hayafi. Joto kupita kiasi huua upesi kuliko baridi ya muda mfupi.

KULEA. Hapa ndipo wengi hupata hasara. Kifaranga hawezi kujipasha joto mwenyewe, na huku kwetu mvua ni nyingi, na nyanda za Kamachumu zina baridi usiku. Wazungushie ukuta wa duara, usio na pembe, wasije wakasongamana na kukanyagana. Tandika maranda makavu. Wiki ya kwanza wape joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki mpaka waote manyoya.

Vifaranga wenyewe watakuambia. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia mbali na kuhema, wana joto. Wakitawanyika na kula, wameridhika.

Ukitumia jiko la mkaa, usilifungie ndani ya chumba. Hewa yake ya sumu haionekani, nayo huua vifaranga na watu pia.

Wape maji safi katika chombo kifupi chenye vijiwe, wasizame. Wape chakula cha vifaranga. Dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa na kutwangwa, hufaa kuchanganywa na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti.

CHANJO. Mdondo ukiingia bandani waweza kumaliza kuku wote. Hauna dawa ya kuutibu, una kinga tu. Chanjo ya I-2 ni tone 1 katika jicho moja, nayo hurudiwa kila miezi 3. Mwone mtaalamu wa mifugo wa kata yako, akupangie siku za chanjo hii, na za Gumboro na ndui. Afadhali mchange majirani, maana kichupa kimoja chatosha kuku wengi.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Kwa nini tunaandika X na O?
2. Umeweka mayai 30. Siku ya 7 umeondoa 6. Mwishoni 4 yamekuwa viza. Umepata vifaranga wangapi?
3. Ni nani atakayeamka usiku kuwatazama vifaranga nyumbani kwako? Kubalianeni kabla ya kununua mashine.

Kwaherini, ndugu wanakisomo. Someni vema.